Mashine Nyuma ya Pazia

Bi Rukia alizikwa jana alasiri, na leo nimevuka feri kuja Bofu, huku Likoni, kukaa matangani pamoja na wanaume, chini ya turubai lililofungwa baina ya nyumba yake na kile kilichokuwa chumba cha maabara. Maabara haipo tena. Sasa ni duka la rangi za nyumba, na makopo yamepangwa pale palipokuwa na friji. Nimepewa kahawa chungu na tende, nikaulizwa mimi ni nani wa marehemu. Nikajibu kwamba nilimfanyia kazi mwaka mmoja. "Mwaka mmoja tu?" akauliza jirani yangu, akishangaa kwamba mwaka mmoja umemtoa mtu Changamwe siku ya kazi. Kutoka nilipoketi nauona mlango wa uani na pazia lake, na chini ya pazia miguu ya wanawake ikipita na masufuria. Kabla ya adhuhuri alitoka mama mmoja mfupi, amejifunga leso kichwani, akaja kuchota maji kwenye tangi, akaniona. Akaweka ndoo chini. "Fundi, ni wewe kweli?" alisema. "Mungu akubariki. Sijasahau vile ulivyohangaika kwa ajili ya Dama wangu." Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili iliyolowa, kisha akaitwa ndani akaenda zake. Huyo ni Mama Dama, na tangu hapo nimeiweka kahawa yangu chini, inapoa.

Mwaka ule wa kazi yangu hapa nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na kiburi cha mtu aliyejifunza kitu kimoja vizuri akadhani amejifunza vyote. Bi Rukia alikuwa amestaafu kazi ya maabara serikalini, akafungua yake hapa: vyumba viwili, dirisha lenye wavu wa mbu, friji mbili zilizonguruma kwa zamu, na harufu ya spiriti iliyonifuata mpaka chumbani kwangu Changamwe. Kazi yake kubwa ilikuwa damu ya wagonjwa wa selimundu, ambao pwani hii inao wengi. Mgonjwa wa selimundu huongezwa damu mara kwa mara, na katika kuongezwa huko mwili wake unaweza kujifunza kuikataa damu ya aina fulani. Unatengeneza kingamwili dhidi yake. Baada ya wiki au miezi michache kingamwili hizo hupungua hata kipimo kisizione, lakini mwili haujasahau. Ukimpa tena damu ya aina ile, ataipokea vizuri siku ya kwanza, na wiki moja baadaye mwili utaiunguza yote. Kinachomlinda mgonjwa kama huyo ni majibu ya kipimo cha zamani, yaliyoandikwa na kuwekwa mahali pa salama. Bi Rukia alinieleza haya siku yangu ya kwanza, tukila mahamri kwa mbaazi juu ya meza ya mapokezi. "Mutua mwanangu," alisema, "majibu haya yakipotea, mtu hufa. Si maneno ya kutishana." Nikaitikia, huku jicho langu liko kwenye hamri la mwisho.

Madaftari yake ya zamani yalikuwa yameliwa na mchwa, ndiyo maana akaniajiri. Nilimwekea seva moja hapa Likoni, yenye diski mbili zilizoandika kitu kilekile, na seva nyingine ya akiba ng'ambo ya maji, Jomvu Kuu, nyumbani kwa dada yake mkubwa, ili moto au mafuriko ya huku yasiiguse. Kila jioni kabla ya kufunga, seva ya Likoni ilijipiga picha. Yaani ilishika hali ya kila faili kama ilivyokuwa saa ile, bila kusimamisha kazi ya mtu. Halafu ililinganisha picha ya leo na ya jana, ikatuma Jomvu tofauti tu kupitia intaneti. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na Jomvu ikishapokea, huwa na picha ileile upande wake. Sharti lilikuwa moja: pande zote mbili ziwe na picha moja ya pamoja ya kuanzia. Hiyo ikikosekana, hakuna tofauti ya kutuma, na itabidi kila kitu kitumwe upya tangu mwanzo. Bi Rukia hakuwa mtu wa kuamini asichoweza kukishika, basi alinunua daftari jeusi akalitundika ukutani kwa kamba, na kila jioni niliandika humo tarehe, neno "Imefika", na sahihi yangu. Nilijiona mtu mkubwa nikiliandika neno lile.

Mashine ya Jomvu ilikaa chumba cha ndani, juu ya kigoda, na mtunzaji wake alikuwa Mzee Shee, mume wa dada mtu, Bi Mwanaisha. Umeme ukikatika na kurudi, ilihitaji mtu wa kubonyeza kitufe, na Mzee Shee alikibonyeza kwa adabu, kwa kidole kimoja, baada ya kunawa mikono. Aliifunika kitambaa cha kudarizi. Nilipomwomba aondoe kwa kuwa inapata joto, aliondoa, na safari iliyofuata nikakikuta kimerudi, kimekunjwa mara mbili ili kiwe kidogo. Kila mwisho wa mwezi nilipita kuitazama, maana Jomvu ilikuwa karibu na kwangu, na sikuruhusiwa kuondoka kabla ya kula. Nikiwa barazani na sahani ya muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, niliwasikia wale wazee wakitaniana ndani. "Leo kamwamkia mke mwenza kabla yangu," Bi Mwanaisha alilalamika, akimaanisha mashine. "Huyo hanuni," mumewe akajibu, "wala haniulizi natoka wapi." Nilicheka peke yangu, mdomo umejaa muhogo. Siku hizi nasimamia mashine nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu, ziko katika vyumba vyenye baridi na milango ya chuma, na hakuna hata moja iliyowahi kupata mtunzaji kama yule.

Mzee Shee alifariki ghafla asubuhi moja ya Jumatano, katika mvua za masika. Jirani mmoja alipita nyumba nzima akizima kila kilichoimba au kunguruma, redio, televisheni na mashine yangu pia, kwa heshima ya maiti. Jioni ile Likoni iliita na Jomvu haikuitika. Nilikisia sababu, lakini ni nani angepiga simu nyumba ya msiba kuulizia mashine? Nikaandika "Imefika", nikijiambia kwamba ikiwashwa keshokutwa picha zote zitakwenda kwa pamoja na neno langu litakuwa kweli. Siku ya tano nilikwenda Jomvu. Mwanamke aliyekuwa akifagia uani alinizuia kwa upole. "Bi Mwanaisha yuko edani, mwanangu. Miezi minne na siku kumi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake." Chumba alichokalia eda ni kile cha ndani. Mlangoni palikuwa na pazia la buluu lenye maua meupe, na nyuma yake nilimsikia akikohoa. Mimi ni mtu wa bara, Mkristo. Adabu za watu hawa nilifundishwa na Bi Rukia moja moja, na nilijivunia kutokosea. Basi nikadhani kwamba hata sauti yangu haifai kuvuka pale. Nikarudi nyuma kimyakimya, viatu mkononi, nikiamini nimefanya jambo la heshima.

Ningeweza kumwambia Bi Rukia. Alikwenda Jomvu kila Ijumaa kumtazama dadake, akaingia mpaka ndani, akaketi naye kitanda kimoja, bila kuitilia mashine shaka, maana daftari lilimwambia imefika. Lakini wiki zile za kwanza nilimsikia akilia chumba cha friji, mlango ameurudisha, akimwambia mtu kwenye simu kwamba shemeji yake ndiye aliyemsomesha. Niliona haya kumpelekea habari za kitufe. Wiki zilizofuata alikwisha kuchangamka, na sasa tatizo lilikuwa jingine: daftari jeusi lilikuwa na "Imefika" thelathini na kitu, zote kwa mkono wangu. Kumwambia mashine imezimwa ni kumwambia mimi ni mwongo. Kila asubuhi kwenye feri nilipiga moyo konde, na kila jioni nilijitia hamnazo. Siku ya sitini programu niliyoiandika mwenyewe ilifuta picha zilizozeeka ili diski isijae, na mojawapo ilikuwa ile ya mwisho iliyojulikana pande zote mbili. Ningeweza kuizuia kwa amri ya mstari mmoja. Niliitazama ikifutwa. Tangu hapo hata mashine ingewashwa, ingebidi kutuma kila kitu upya, na kwa intaneti yetu ya wakati ule ni zaidi ya mwezi. Mzigo ulivyozidi uzito, ndivyo nilivyozidi kuuahirisha. Nawasikia vijana ninaofanya nao kazi wakisema mtu huficha kosa kubwa. Mimi nalijua zaidi lile dogo, linalokua kwa sababu umelificha.

Yapata siku ya sabini na tano alikuja Mama Dama na binti yake. Alikuwa mshonaji hapa Bofu, Mgiriama, nyuzi za cherehani hazikumtoka kifuani. Dama alikuwa na miaka kumi na moja, mwembamba, macho makubwa, na hakunyamaza. Bi Rukia alikuwa amefanya kazi ya siku tatu juu ya damu yake, akailinganisha na chupa baada ya chupa za seli za damu zenye aina zinazojulikana, akapata kingamwili za aina mbili. Aliyaingiza majibu kwenye kompyuta, akaniambia nimchapishie mama kadi ya kubeba popote aendapo. Wino wa printa ulikuwa umekwisha. Dama, ambaye nilikuwa nimemweleza habari za picha za kila jioni, aliniuliza, "Fundi, hiyo picha hunipiga nikiwa nimefumba macho?" Nikamwambia inapiga majina, haipigi sura. "Basi andika jina langu kwa herufi kubwa, lisikae nyuma ya mtu." Sote tulicheka. Mama yake alisita mlangoni, mkoba kwapani. "Fundi, nisirudi kesho kuchukua hiyo kadi? Kwangu si mbali, naweza kurudi." Nami, kwa kinywa hiki, nikasema: "Usijisumbue, mama. Utachukua safari ijayo. Hapa iko, na Jomvu iko." Nilijua Jomvu haiko. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimezoea kusema, na kwa sababu mtoto yule alikuwa ananitazama kama mtu wa maana.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili eda iishe. Jumatatu diski moja ya Likoni ilikufa. Nikaweka mpya, na ile iliyobaki ikaanza kujinakili kwenye mpya. Ilipofika nusu nayo ikaanza kugonga ndani kwa ndani, ikanyamaza. Nilizinunua siku moja, kutoka katoni moja, zikapumua chumvi ileile ya bahari. Picha zote za Likoni zilikuwa ndani ya diski hizohizo, zikafa nazo. Nilimwambia Bi Rukia. Alikuwa anamenya chungwa. "Si kitu," alisema, na akanipa nusu. "Kwani Jomvu si iko? Twende tukaichukue." Ndiyo saa niliyoiogopa miezi minne, na bado sikusema. Kwenye feri alinunua njugu, akanieleza habari za harusi ya mpwa wake, akacheka. Kutoka pale mpaka Jomvu sikumbuki alichosema. Uani kwa Bi Mwanaisha, mbele ya pazia la buluu, nikamwambia, "Bi Rukia, imezimwa." "Tangu lini?" Akanitazama, akaniacha nimesimama, akalifungua pazia na kuingia. Nilihesabu hatua zake: nne. Nikasikia kitufe, kisha feni ikianza kuzunguka. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvua kiatu.

Niliketi barazani na kompyuta mapajani nikaunganisha. Picha ya mwisho ilikuwa ya Jumanne, jioni ya kuamkia kifo cha Mzee Shee. Baada ya hiyo hapakuwa na kitu. Niliisoma tarehe kwa sauti. Halafu nikaisikia sauti ya Bi Mwanaisha, si ya hasira, sauti ya mtu anayeshangaa kweli. "Mke mwenza naye amekaa eda pamoja nami. Mimi nilidhani ndivyo mtakavyo, kwa kuwa hakuna aliyekuja kusema." Kisha akasogea, maana sauti ilikaribia pazia. "Mutua, mwanangu, yule aliyezuiwa uani siku za mwanzo, si wewe? Mbona hukubisha hodi? Eda haikunifunga mikono. Kitufe nakijua, marehemu alinionyesha. Wallahi ungaliita tu, ningalibonyeza." Nilikuwa nimeogopa kuvunja adabu ambayo hata mwenye eda hakuidai. Bi Rukia alitoka, akapita mbele yangu bila kuniangalia, tukarudi Likoni. Miezi minne ya majibu ya watu ilikuwa imekwenda.

Siku ya tatu Dama alilazwa. Maumivu yalimshika kifuani, damu ikashuka, hospitali ikapima na kusema damu yake haina kingamwili yoyote inayoonekana, basi apewe. Mama Dama akakumbuka aliyoambiwa, akawasihi wangoje, akaja kwetu anakimbia. "Nipeni ile karatasi," alisema. "Ile mliyosema iko." Bi Rukia aliketi, akashika kichwa. "Zilikuwa mbili. Moja naikumbuka kama jina langu. Ya pili... Ya Rabbi, ya pili siikumbuki." Mgonjwa baada ya mgonjwa alipita mikononi mwake miezi ile. Aliwapigia hospitali akawapa ile moja. Mimi nilikuwa kiguu na njia. Nilipeleka diski kwa fundi mmoja mjini, akaisikiliza kama daktari akanirudishia. Niliitia kwenye friji katikati ya chupa za seli, nikaitoa, nikaiwasha, ikagonga mara saba ikazima. Nikaifanya tena, na tena, nikimwomba Mungu wa kwetu na wa kwao. Karatasi za kazi za maabara zilichomwa kila Ijumaa shimoni nyuma ya nyumba; nililiingia shimo lile kwa magoti, nikachakura majivu kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, nikapata kona za karatasi za watu wengine. Mama Dama alinikuta humo. Aliinama, akanifuta majivu usoni kwa leso yake, akaniambia nipumzike kidogo. Natamani angenipiga.

Walingoja siku mbili, kisha daktari akasema mtoto hawezi kungoja zaidi. Walitafuta damu isiyokataliwa na ile kingamwili ya kwanza, wakampa. Akachangamka. Alikula wali, akaniuliza kama nimekwisha kuitengeneza mashine, nikasema bado kidogo. Siku ya saba macho yakawa manjano, mkojo ukawa rangi ya chai kavu. Siku ya tisa akafa, asubuhi, mama yake ameshika miguu yake. Niliporudi kazini Bi Rukia alikuwa amelikata daftari jeusi kwenye kamba yake. Alilifungua mezani, akapitisha kidole kwenye "Imefika" zangu, ukurasa baada ya ukurasa, hakuacha hata mstari, kisha akalitia mkobani. "Nimemwambia mamake mashine ziliharibika na wewe umehangaika mpaka basi," alisema. "Yote mawili ni kweli. Lililobaki si langu kulisema. Nenda, mwanangu, na hapa usirudi mpaka uwe waweza kumwambia mwenyewe." Niliondoka siku hiyohiyo. Miaka kumi na mitano nimepita kwa mbali na Bofu, na leo nimekuja kwa kuwa aliyenikataza hayupo, nikijidanganya kwamba sharti lake limezikwa naye.

Wanaume wamekwisha kula, wanasubiri dua. Nimeinuka. Nimetembea mpaka mlango wa uani, nikasimama mbele ya pazia, na kwa mara ya kwanza nikaita, "Hodi." Sauti za ndani zikakoma, moja ikajibu, "Karibu," nikamwomba Mama Dama. Alitoka akifuta mikono kwenye leso, uso umekunjuka kunipokea. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kabla hajanipa tena shukrani. Nilimwambia kwamba siku ile ya kadi mashine ya Jomvu ilikuwa imezimwa kwa miezi miwili na zaidi, na kwamba nilijua.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua, mama. Ilikuwa katika chumba cha mjane aliyekaa eda. Niliona haya kumwita."

Mtu alimwita ndani kuhusu chumvi, hakuitika. "Huo mlango ulifungwa na nini?" aliuliza.

"Haukufungwa. Ulikuwa na pazia."

"Pazia kama hili?"

"Kama hili."

Alilishika kwa vidole viwili, akaliinua kidogo, akaliacha lianguke. Kisha akapita ndani, nami nikabaki nje.